Mwanao Hajaagwa

Mzenga, Kisarawe
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa dada Salama,

Shikamoo dada. Habari za Mtwara na za kazini? Kile kifua kimepona? Huku wazima. Bi mkubwa miguu inamsumbua, ila shambani bado anaenda, ukimkataza anakuona adui. Mimi nimechoka tu. Nimechoka hasa, dada.

Barua hii nampa Hamidu, dereva wa lori, kwa sababu kwenye simu Mwanaasha anakaa pembeni anasikiliza kila neno, halafu nikimpa aongee na wewe anakimbia. Unadhani mwanao ana aibu. Wapi! Amekasirika.

Unakumbuka ulivyoondoka baada ya Idi el-Fitri? Bi mkubwa alisema umtoroke akiwa amelala, maana sisi wote tulitorokwa hivyo hivyo. Alipoamka tukamwambia umeenda dukani kumletea biskuti. Basi alikaa kizingitini siku nzima anasubiri biskuti! Zile ulizotuma majuzi kagawa zote kwa wenzake, hata moja hajaonja.

Tangu hapo kila asubuhi ananifichia kiatu kimoja, nisije na mimi nikamtoroka. Kibanda changu cha kutengeneza simu pale Kisarawe nafungua saa nne, wateja wamenuna. Siku moja nimepanda basi mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili ya bi mkubwa. Kondakta ananiuliza, "Oya, mwenzake yuko gereji?"

Kusamehe nimemfundisha mpaka sauti imekauka. Si unanijua, nimesoma mambo ya malezi kwenye simu weee, nikamsimulia hadithi, nikamwambia Mungu anawapenda wanaosamehe. Bi mkubwa naye akamkalisha: "Sema, nimemsamehe mama." Akasema. Kesho yake kiatu hakipo.

Jana nikabadilisha. Nikamwamsha mwenyewe, nikamwambia ukweli: naenda kazini, jioni narudi. Alilia mpaka majirani wakatoka. Nikaondoka huku analia, roho inaniuma. Jioni nimemkuta njiani, kanipokea begi, akaniambia, "Mjomba, kumbe unajua kuaga! Mama hakufundishwa?"

Nikamuuliza, ukiagwa utamsamehe? Akafikiria, akafikiria. "Aniage kwanza."

Dada, tulikuwa tunamlazimisha asamehe na hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba msamaha. Kwa hiyo nakuomba, piga simu Jumapili ijayo mchana, siendi kazini. Habari za gauni na zawadi ziache. Mwambie, "Mwanaasha, mama anaenda kazini Mtwara, anakuaga. Nisamehe mwanangu." Najua umeshaondoka siku nyingi. Muage hivyo hivyo. Atalia, muache alie, mimi nipo.

Bi mkubwa anakusalimu sana, rafiki yangu Khalfani pia, na mama Wema jirani anauliza utakuja lini. Mungu akulinde huko uliko, akupe nguvu na riziki, akurudishe kwetu salama.

Mdogo wako akupendaye,
Hashiru

Nilisahau: leo asubuhi viatu vyangu nimevikuta vyote viwili mlangoni, vimepangwa. Mimi nimesamehewa. Bado wewe.