Papa, Matanga ya Feruzi Sitaweka

Papa,

Kesho wanakuja. Shemeji zangu na wamama wa mtaa wetu wa Mikelenge wameshaleta turubai, wanataka tukae matanga ya Feruzi, mutoto wangu wa kwanza, yule mujukuu uliyemufundisha kupanda kinga, ile baiskeli yako, ukimushikia kiti nyuma.

Tangu waasi waingie Goma, kule anakoishi, simu yake haiiti. Barabara imefungwa, ndege ya kule haiji. Mimi niko huku, yeye iko kule, katikati bunduki tupu. Nazunguka nyumbani kama kuku aliyefungwa muguu. Shemeji ananiambia: “Mama Feruzi, kubali tu, mutoto alishakwenda.” Ati kubali! Nani aliona maiti?

Nakukumbuka ukimenya ndizi barazani, vidole vyako vilivyoungua vikichelewa. Wajerumani walipokamata kwenu Ubelgiji ulikimbia na marubani wenzako, mukapita Ufaransa, mukavuka bahari mpaka Uingereza. Ukapigana katika ndege ya Waingereza, ukivaa nguo zao za jeshi. Siku moja ikawaka moto, kifuniko cha kioo juu ya kichwa chako kikakataa kufunguka, ukakivunja kwa mikono. Hayo ulisimulia ukicheka.

Kilichokuliza ni mama yako. Hukuweza kumwandikia: Wajerumani wangejua mutoto wake iko wapi, wangemufunga mama. “Nilipita juu ya nyumba yetu,” ulisema, “niliona mpaka paa, sikuweza kushuka.”

Na yeye, masikini, watu walimwambia umekufa. Akakusomeshea misa, akavaa nyeusi. Vita vilipoisha ulikuwa umeshatumwa huku Kongo kubeba mizigo kwa ndege, na habari ikakukuta hapa Kindu: mama alikufa akikulilia. Na wewe uko muzima! Hukurudi tena kwenu. Ukabaki, ukamuoa Mama.

Ndiyo maana hukukubali kukaa matanga ya muntu ambaye maiti yake haikuonekana. Mama alikuwa anakasirika, majirani wakisema muzungu huyu hana moyo. Leo njo naelewa, Papa.

Naogopa, sitakudanganya. Pengine wao njo wanasema kweli. Lakini kesho nitawapikia chai, nitawashukuru, na turubai lao watarudi nalo. Nakuahidi: sitamulilia Feruzi mpaka muntu asimame mbele yangu aseme, nilimuona.

Pumzika, Papa. Na kama Feruzi hajafika huko, usimwite. Akija kwa kupotea njia, mufukuze. Mwambie mama yake iko anamungoja.

Binti yako,
Mado