Tabo, tabu na jini la gari langu

Jumatano. Mvua imekatika tangu mchana, Tandika yote matope, na mie nacheka peke yangu kama chizi.

Sijaandika humu wiki tatu. Mtu mwenye raha anaandika, mwenye shida anaangalia dari. Nimeliangalia dari mpaka misumari yake naijua kwa idadi.

Leo naandika. Gari limepona.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikija kusoma mwakani nitadhani nilikuwa naota. Gari lenyewe ni steshen wagon la Kijapani, mtumba. Tangu iwe ruksa kila mtu kuleta lake, magari yanashuka bandarini kama nguo za marobota, nami nikasema siwezi kubaki kuangalia. Injini yake ndogo, lita mbili, silinda nne, dizeli. Nilitaka dizeli makusudi, petroli ingenila nyama. Halafu ina tabo. Tabo ni kifeni kama kitumbua, kinazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, kikizunguka kinaisukumia injini hewa kwa nguvu. Ndo maana gari dogo vile linapanda Kimara na mama wa sokoni na gunia zao tano za viazi bila kuhema.

Majirani hawawezi kusema tabo. Wanasema tabu. "Gari la tabu hilo limerudi." Nilikuwaga nacheka. Baadaye nikaacha kucheka.

Sasa kuna jambo sijamwambia mtu, naliandika hapa. Hela ya gari ilitoka kwenye cherehani ya Zuhura. Mke wangu aliuza cherehani yake, ile ya miguu, aliyoachiwa na bibi yake, ili mie niache kusukuma mkokoteni sokoni Tandale. Aliiuza bila kununa. Alisema tu, "Utanipitisha mjini kwa gari, au nitapanda nyuma na viazi?"

Kwa hiyo gari likifa, limekufa na cherehani.

Siku ya kwanza nafika nalo nyumbani, nikapaki, nikachomoa ufunguo, nikashuka kwa madaha. Injini ikabaki inaunguruma. Ufunguo ninao mkononi! Nikautazama ufunguo, nikalitazama gari. Watoto wakakimbia. Mama mkwe, Bi Mwanaidi, tunaishi naye, alikuwa barazani anachambua mchele. Akaweka ungo chini taratibu.

"Mwanangu, gari hili lina mwenyewe."

"Mwenyewe si mie, mama?"

"Si wewe. Wewe umeshashuka."

Baada ya kama dakika mbili likazima lenyewe, kama mtu aliyemaliza maneno yake. Ikawa hivyo kila siku. Bi Mwanaidi akanichomea ubani mpaka ndani ya buti, abiria wakawa wananiuliza kama nabeba maharusi. Wiki haijaisha, hakuna mama wa sokoni anayetaka kupanda gari langu. Biashara ikafa kwa sababu ya jini.

Nikaenda kwa fundi Kibwana, gereji yake ipo nyuma ya nyumba yetu. Akaingiza kichwa chini ya usukani, akakuta kidude cheusi ukubwa wa kiberiti, kina kitaa chekundu na maandishi ya Kijapani. Mie nimeishia darasa la nne, Kijapani hatukufika. Kibwana naye hakufika.

"Alamu ya wezi hii, imeharibika," akasema, akakata waya. Kacha! Jini likatoka. Akaona mkono umekolea, akatoa na thamostati, kile kidude kinachoongoza maji ya kupoza injini. "Hii ya nchi za baridi, kaka. Huku Dar unaogopa baridi gani?"

Nikamwona Kibwana ndo fundi, wengine wanashika spana tu.

Na mie kwa ujanja wangu nikaongeza ya kwangu. Nikifika mahali, zima papo hapo, kubana dizeli. Nikitoka Kimara kushuka Ubungo, mteremko wote nazima, nasereleka bure kama tajiri. Breki zinakuwa ngumu, usukani mgumu, lakini bure ni bure. Siku moja Bi Mwanaidi alikuwemo. Tulipofika chini aliniambia, "Ukitaka kuniua niambie, nivae sanda kabisa."

Basi, juma lililopita, nipo Buguruni na vitunguu, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Nyuma moshi, mwingi, kama tumechoma takataka. Nikavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Kibwana akafungua boneti, akafunga. Hakugusa kitu.

"Hedi imepasuka, kichwa cha injini. Hizi tabo ndogo ugonjwa wao ndo huo. Hedi ya alumini, ikipata joto inapinda, inapasuka katikati ya valvu. Huna injini, kaka. Una sanduku."

Nilikaa kwenye tairi kama niko msibani.

Sasa aibu yenyewe. Kuna dalali anaitwa Msafiri, ananunua magari mabovu, anakata, anauza vyuma. Juzi nikamfuata. Tukakubaliana anachukua gari, ananipa mikokoteni miwili. Miwili! Nikajipa moyo eti nimepanda cheo, zamani nilikuwa na mmoja. Aje kulichukua leo alasiri. Zuhura sikumwambia. Nilipanga aje akute limeshaenda, halafu nitafute uongo mzuri.

Leo asubuhi mvua inanyesha, nikaenda Gerezani, kule kwa mafundi na wauza spea, kuulizia bei ya hedi, nijue tu nakufa kwa bei gani. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa dizeli, Komba, mtu wa Songea, anaongea polepole kama analipia maneno. Hakunitajia bei.

"Rejeta mliifungua? Mliona mapovu?"

"Mapovu gani?"

"Oili ikoje? Nyeusi au kama chai ya maziwa?"

"Sijaangalia."

"Sasa hiyo hedi nani kaiona imepasuka?"

Kweli, nani kaiona?

Akachukua mfuko wake tukaja wote Tandika. Injini ilikuwa baridi. Akafungua rejeta, akajaza maji, akaniambia washa. Nikawasha. Akainama kwenye ule mdomo wa rejeta, nami nikainama, vichwa vikagongana. Tukasubiri mapovu. Hedi ikipasuka, upepo wa ndani unaingia kwenye maji, yanachemka kama uji hata kama bado baridi.

Maji yametulia tuli. Najiona uso wangu mle.

Akavuta kijiti cha oili. Nyeusi, nzito, chafu, lakini haina maji. Akaenda nyuma kwenye bomba la moshi, akauvuta puani kama mtu anayenusa mchuzi. "Huu wa bluu. Unanuka oili. Wa maji ni mweupe, hauna harufu hii. Hedi yako nzima, bwana mdogo."

Nilimkumbatia. Akanisukuma, nilikuwa na matope.

Basi limepata joto kwa nini? Akatoa mpira wa chini wa rejeta, akanionyesha. Ndani kumeota chumvi, nyeupe, ngumu kama ukoko wa wali. Bomba letu halitoi maji, mie najazia ya kisima. Maji ya kisima cha Tandika hata chai inakataa, mie nalinywesha gari! Na mkanda wa feni umelegea. Na thamostati akasema irudi mahali pake, haikuwekwa pale na mjinga.

Halafu akauliza moshi wa oili. Nilikuwa nazimaje gari? Nikamwambia kwa kujisifu, nikifika tu, zima, na mteremko wote nazima. Akanitazama kama Bi Mwanaidi alivyonitazama.

"Tabo inazunguka mara laki moja kwa dakika, ina moto mwekundu. Kinachoipoza ni oili. Ukizima ghafla, oili inasimama, yenyewe bado inazunguka. Oili inaungua mle mle, sili zinazoizuia isivuje zinakauka, inaanza kunywa oili ya injini. Ukifika iache isage, iungurume palepale, dakika mbili. Wajapani wengine wanafungaga kidude, ukitoa ufunguo kinaiacha injini isage, halafu kinazima chenyewe."

Nikahisi masikio yanapata moto. "Kidude cha namna gani, fundi?"

"Cheusi. Kama kiberiti."

Nikaingia ndani nikacheka mpaka nikakaa chini. Zile dakika mbili ndo zilikuwa zinailinda injini, nami nikalipa mtu azikate! Tabo haijafa, inavuja kidogo. Nikibadilisha oili mapema na kuacha ujinga, Komba anasema nitakula nayo miaka. Waya wenyewe kauunga hapo hapo, ulikuwa unaning'inia tu.

Rejeta tukaizibua kwa presha, mkanda tukakaza. Alasiri Msafiri akaja na mikokoteni yake miwili, jamaa wawili wanaisukuma kwenye matope, wamelowa jasho. Nikawasha gari mbele yake.

"Mwanaume haongei mara mbili," akasema.

"Kweli kabisa. Ndo maana hii ya pili nimeiacha injini iongee."

Akatukana kidogo, akaomba maji ya kunywa. Nikampa ya kisima. Aondoke haraka.

Jioni nimelizungusha mpaka Mtoni na kurudi. Mshale umekaa katikati, haujatikisika. Nimepaki, nimechomoa ufunguo, injini inasaga, nami nimebaki nimekaa humo, nalisikiliza. Zuhura akaja, akafungua mlango, akakaa kiti cha mbele na kanga yake kichwani. Haulizi kitu. Nikaona bora niseme, kimya chake kina meno. Nikamweleza Msafiri, mikokoteni, uongo niliokuwa nautafuta, yote.

"Nilijua," akasema. "Alipita jana kuuliza kama tairi ya akiba ipo."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tairi ipo. Akitaka na gari aje na cherehani yangu."

Tangu jana kaficha! Mie najikunja usiku kama jongoo, mwenzangu anajua, ameshalikatalia gari langu kabla yangu. Nikataka kununa, kicheko kikaniwahi. Naye akacheka. Injini ilishazima zamani, hatukusikia ilizima saa ngapi, tunaongea tu mambo ya cherehani, ipo kwa nani sasa, na kama yule mama atakubali kuirudisha akipewa muda. Hatujaongea hivyo tangu lije hili gari. Mie nilikuwa naongea na mteremko.

Sasa najiuliza. Dakika mbili za injini nimeambiwa na fundi. Za kukaa na Zuhura nani aliniambia?

Kesho Tandale alfajiri, vitunguu. Mteremko wa Kimara nitashuka injini ikiwaka, wanicheke wanaotaka.