Kadi Aliyoijaza Kaka

Wewe, acha unachofanya usome. Leo nilikuwa kliniki na kaka, yule anayejiita Baba Bora, pamoja na shemeji, mkewe, na sina utani hata wa dawa.

Mtoto wake ana surua. Macho mekundu, vipele mpaka nyuma ya masikio, na anakohoa kama mzee wa miaka themanini.

Nesi akafungua kadi. "Mbona hapa ameshachanjwa surua? Basi itabidi tuikague hii chanjo."

Benchi zima likasikia. Mama mmoja akambeba mwanawe, akatoka kwenye foleni. "Kama haisaidii, ya nini kumtoboa mwanangu?"

Na kaka anajua. Tarehe ile aliiandika mwenyewe, siku shemeji alipomtuma na mtoto, naye akaona foleni ndefu akaenda zake kuangalia mpira. Hakumwambia mtu, hata mimi, mpaka leo tulipotoka pale.

Jasho lilimtoka kama amemwagiwa ndoo ya maji. Mama yule alikuwa ameshafika mlangoni.

"Dada, rudi," kaka akasema. "Chanjo haina kosa. Huyu hakuchanjwa. Niliandika mimi."

Niliandika mimi. Nimeshaoga, nimeshalala kidogo, bado naisikia.

Mama akarudi kwenye foleni. Shemeji alimkumbatia mtoto na kumtazama mumewe kama mtu asiyemfahamu.

Nesi akaweka kidole kwenye mstari wa juu ya ule wa surua. "Na hii?"

Kaka akatikisa kichwa.

Nesi akapandisha kidole. "Na hii?"