Damu ya Somoe Imeganda

Mtawanya, Mtwara

Kwa mama yangu Binti Chilumba,

Mama, dada Somoe yu hai. Mjomba, wewe unayemsomea, rudia hapo kabla hujaendelea: Somoe yu hai, leo asubuhi kanywa uji na kauliza kama kuna samaki.

Sasa ndio shikamoo mama, shikamoo mjomba. Hamjambo huko Kitaya? Mizinga ya vita ng'ambo ya mto imenyamaza, au bado mnalala shambani? Mimi mzima, nabeba magunia ya korosho bandarini kama kawaida.

Najua Bakari wa lori kashawafikia na yale maneno yangu, au yuko njiani. Kama mmetandika mikeka ya matanga, ikunjeni. Kama mmechinja, kuleni kwa furaha tu. Nawaeleza ilivyokuwa.

Dada alipokuja kunitembelea alikaa vizuri, halafu akashikwa na homa. Viungo vikavimba, magoti hayanyooki, anatembea kajikunja kama bibi kizee. Jirani yangu Mama Hadija akamtazama akasema, "Hiyo damu imeganda kwenye viungo. Ikitoka hiyo mbaya, atanyooka." Akaleta wembe na pembe, akamchanja magotini akampiga chuku, anainyonya damu kwa ile pembe. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Mama, damu ilitoka ikakataa kusimama. Kitambaa kikilowa tunaweka kingine. Mara fizi nazo zinatoa damu, na miguuni vidoa vyekundu kama kaumwa na siafu. Mama Hadija mwenyewe ndiye aliyekimbilia baiskeli ya mumewe, tukampakia mpaka hospitali.

Pale kuna mganga kijana, ana maneno mengi. Akamtoa dada damu kidogo, akaitia kwenye kichupa chembamba cha kioo, akanikabidhi mimi. "Fumbata, bwana. Ipate joto la mkono, halafu tuiinamishe tuone."

Tulipoinamisha ikatembea huku na huku kama chai. Mganga akaacha utani. Akasema homa hii inatokana na vijidudu vidogo mno, hata darubini yake haivioni, mbu ndio wanaovisambaza. Mwili unapigana navyo, na ugomvi huo ndio unaovimbisha viungo na kuviwasha moto. Katika ugomvi huo huo, vile vitu vya kwenye damu vinavyoziba mtu akijikata vinapungua. Nikamuuliza, "Sasa ile damu mbaya?"

"Hakuna damu mbaya. Yote iliyomo anaihitaji. Msimchanje tena."

Dada akatundikiwa chupa ya damu, na mimi nikatolewa yangu. Basi kila nikienda napewa kichupa nifumbate, naomba Mungu isitembee, tukiinamisha inatembea. Dada mwenyewe, kalala pale hana nguvu, ananicheka. "Issa, mbona unakishika kama yai la kuku wa jirani?"

Jana nimefika nimechelewa. Nakuta pazia limevutwa kitandani kwa dada, na mganga anatoka anamwambia nesi, "Imeganda. Damu imeganda."

Mama, mimi najua damu ya mtu inaganda akishakufa. Sikuuliza. Nilitoka mbio mpaka kwenye lori la Bakari, limeshawashwa kuja huko, nikamwambia, "Kamwambie mama damu ya Somoe imeganda. Basi." Bakari akavua kofia, akaondoka.

Nikarudi kuuliza habari ya sanda. Mganga akanitazama. "Sanda ya nani?" Akanipa kichupa. Nikainamisha, haitembei. Nikakipindua juu chini, imeshika humo ndani kama kipande cha ini. "Si ndiyo hii tuliyokuwa tunaingoja? Ikiganda hivi, vidonda vitafunga." Na lile pazia, dada alikuwa anaogeshwa tu. Alinisikia huko ndani nataja sanda, akasema, "Waambie iwe ya maua." Nilicheka huku nalia mpaka nesi akanifukuza wodini, na kichupa chao mkononi.

Viungo bado vinamuuma, mganga kasema vitachukua muda, lakini goti moja limenyooka. Huko mkiona mtu ana homa ya kujikunja na fizi zinatoa damu, msimpige chuku, mleteni hospitali.

Barua hii anakuja nayo Mzee Chande kwa baiskeli, mpeni maji kwanza. Msalimie shemeji, mume wa dada, umwambie mkewe anamuulizia. Msalimie bibi, pembe zake za chuku azipumzishe. Msalimie shangazi pia.

Dada yuko hapa pembeni anasema mtadhani nawafariji tu. Basi mama, nenda kwenye debe la makopa, toa mihogo yote, chini kabisa kuna kanga mpya kaificha. Shemeji haijui, mimi nimeisikia leo. Iangalie, uirudishe hapo hapo. Anasema asipewe shangazi, hata kama kashaanza kulia.

Ni mimi mwanao, kwa mwandiko wa kisomo cha jioni,
Issa