Nusu Kikombe cha Rubani Zedekia

Mwaka umetimia leo tangu taifa, anga na mawingu yote ya Rwenzori yampoteze Jemedari wa Hewani, Simba wa Mabomu, Mzee Zedekia Bwambale wa Rukoki.

Samahani, Babu. Hukuwa jemedari. Ulikuwa rubani wa ndege ya mabomu aliyetapika nyuma ya gurudumu kila alipoamriwa kupaa, na ulinilazimisha niyaandike hayo katika kitabu cha maisha yako. Nilikusihi tuweke angalau simba mmoja. "Andika matapishi, wewe kijana," ulisema. "Simba utaweka kwa kitabu yako."

Tunaikumbuka huruma yako. Kila jioni kabla ya kula uliwaombea watu uliowaangushia mabomu, ambao hukuwahi kuziona nyuso zao. Uliomba mpaka chakula kikapoa, nami nilikohoa ili ufupishe.

Tunaikumbuka chai yako. Vitani, kabla ya kupaa, ulikunywa nusu kikombe, nusu ukaiacha mezani, ili uwe umeacha kitu cha kurudia. Ukaendelea hivyo hata ulipokwenda Kitswamba kununua mbegu za maharagwe. Nyumbani hakuna aliyethubutu kukigusa kikombe hicho.

Siku ile ulikuwa unakwenda Bwera kumsomea rafiki yako Kataliko sura ya mwisho. Muniru wa bodaboda alipiga honi uani.

"Afande, twende! Mvua inashuka mlimani!"

"Ngoja, wewe! Hata ndege ilikuwa inaningoja."

Ukaondoka ukicheka. Moyo wako ulisimama sebuleni kwa Kataliko, kitabu kikiwa mapajani.

Bibi alikikuta kikombe kitupu. Tangu hapo anaamini kwamba uliimaliza chai kwa sababu hukutaka kurudi kwake. Majuzi nilimsikia jikoni akimuuliza mama: "Yunia, mimi nilimukosea nini yule mutu?"

Nilikuwa nimefika hapa, tayari kuandika majina ya familia na kufunga, wakati binamu yangu Immy aliposoma juu ya bega langu.

"Na ile chai ulikunywa? Mimi nilikuona. Ulipanguza mdomo na shati ya shule, ukapiga saluti."

Ndiyo, Babu. Niliinywa mimi. Nilijua maana yake, kwani sura ya chai niliiandika kwa mkono wangu. Nilitaka urudi ukikute kikombe kitupu, ufoke kama afande, kisha tucheke. Baadaye ulimi ukawa mzito, nikamwacha Bibi alie mwaka mzima kwa kosa langu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Yudesi, binti yako Yunia, na wajukuu zako Immy na Crispus, mimi mwenye aibu hii. Hatutakusahau, Babu, siku zote za maisha yetu.

Bibi, mstari huu usome mara mbili: Babu aliacha nusu. Alikuwa anarudi.