Siku Mama Aliponiuliza Mimi ni Nani

Mjukuu wangu Wairimu,

Huku Othaya tuko wazima, na majani ya chai yamechipuka. Unauliza kama nitakubali wewe na wenzako wa ng'ambo mpige picha ya ubongo wangu, muone mapema kama ugonjwa wa kusahau umeanza. Tangu barua yako ifike sijatulia.

Miaka ya kwanza ya uhuru, mama yangu alianza kutia chumvi kwenye chai. Nilimgombeza, nikidhani ni ukaidi. Asubuhi moja akaniuliza kwa upole, "Wewe ni msichana wa nani?"

"Wacha mchezo," nikamjibu, nikatoka nikibamiza mlango.

Hakuniita kwa jina tena. Hakuna aliyetuambia ni ugonjwa.

Naiogopa hiyo picha, lakini niandikishe. Mama yako ajue mapema, asije akanigombeza.

Shosho wako