Nilimshikia Mama Taa

Garsen, Alhamisi 12 Machi 1998

Amenicheka. Nimemwambia nesi wa kliniki kwamba sitaki kusukuma, nataka nipelekwe hospitali ya Hola nipasuliwe, akacheka hadi kina mama kwenye benchi wakageuka. "Binti wa mkunga mzima, unaogopa nini?"

Hilo ndilo linalonichosha kuliko hii miguu iliyovimba. Kila mtu husema hivyo, na hakuna anayeuliza niliona nini. Nilikuwa na miaka tisa mama alipoanza kunichukua nimshikie taa akizalisha. Mke wa jirani alifia mbele yangu.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa akimenya ndizi. "Nani ataniita tena, mwanangu mwenyewe akienda kukatwa?"

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikamweleza tu uso wa yule mwanamke, tangu mwanzo hadi alipoacha kuniangalia.

Mama akaweka kisu chini. "Mimi nilikuwa natazama mikono yangu," akasema. "Sikujua kwamba wewe ulikuwa unamtazama yeye."

Ndizi zilizobaki nimezimenya mimi. Kesho tunarudi kliniki wote wawili. Amesema huyo nesi amcheke yeye kwanza.